Majaketi ya Sufi ya Boti ya Beryl

Jumamosi, 22 Machi

Beryl amekuja na boti. Si ya kuazima, si ya tajiri fulani, ni yake mwenyewe, boti ya jeti, nyeupe na mstari wa buluu ubavuni. Imetoka pwani juu ya lori mpaka Garsen, pale darajani wakaitia majini, na kutoka hapo mwanangu ameishusha kwa mto hadi hapa kwetu, nywele kazifunga kitambaa, miwani machoni. Watu waliacha majembe mashambani wakaja kusimama ukingoni. Mimi nilisimama mbele yao wote, ili asiwepo wa kuuliza huyo ni mtoto wa nani.

Sasa nikusalimu, daftari. Mimi ni Jumwa, mke wa Dzombo, mkulima wa mpunga na ndizi. Darasa la saba nilimaliza, na mwandiko wangu walimu waliusifu. Nimeamua kuandika masika haya yote, kwa sababu mambo ya Beryl hayafai kuachiwa midomo ya watu.

Jumatatu, 24 Machi

Kila mtu anauliza boti ilipatikanaje. Ile hoteli ya pwani alikokuwa akiendesha wageni ilifungwa, na badala ya kumlipa haki yake wakampa boti iliyokuwa imelala bandani. Wenzake walimcheka, eti boti ya starehe, utaipeleka wapi. Yeye alijua wapi.

Jioni amenieleza kama mwalimu. Boti hii haina propela. Tumboni ina tundu, inanyonya maji na kuyatema nyuma kwa nguvu, na maji hayo ndiyo yanayoisukuma na kuigeuza. Ndiyo maana inapita hata pale mto unapokuwa wa magoti, juu ya mafungu ya mchanga wanapokwama wengine. Ila ina tabia mbili mbaya. Inanyonya chochote kilicho karibu: nyasi, kamba, leso. Na ukishtuka ukaachia mafuta, maji hayatemwi tena nyuma, na boti haigeuki. Inakwenda moja kwa moja kule ilikoelekea, hata kama mbele yako kuna kiboko.

Nikamwambia hiyo naiona kasoro kubwa. Akasema kila chombo kina tabia zake, na za hiki zinatibika kwa vitu vya hapa hapa kijijini.

Jumatano, 26 Machi

Mvua ya kwanza. Harufu ya udongo imeingia mpaka ndani ya chai.

Jumamosi, 29 Machi

Wiki nzima uwanja wetu umekuwa karakana. Beryl amechomelea vipande vya nondo vikawa wavu, akaufunga kwenye lile tundu la kunyonya. Nyuma ameweka mapezi mawili ya bati nene la lori bovu, na sasa hata akiachia mafuta boti inageuka kidogo, kama ng'ombe mvivu, lakini inageuka. Mkononi anavaa kamba nyekundu iliyoshikana na swichi: yeye akianguka majini, injini inazima. Sakafu ameipaka rangi iliyochanganywa na mchanga wa mto ili miguu yenye maji isiteleze. Jerikeni ameifunga kamba ndefu na kutia maji kiasi ndani yake, ipate uzito wa kuruka ikitupwa kwa mtu anayezama. Baba yake amefanya mazoezi ya kuitupa mpaka imemwangukia jogoo.

Yote hayo ni kwa vitu ambavyo wengine huvitupa. Huyo ndiye mwanangu.

Mimi nilikuwa nimeipamba boti kwa leso mbili, nikazifunga ubavuni zipepee. Ameziondoa, akazikunja vizuri na kunirudishia. Nilinuna mpaka wakati wa chakula. Chakula kilikuwa samaki wa nazi, nikasahau.

Jumatatu, 31 Machi

Idi. Fardosa ametuletea sahani ya pilau na maziwa ya kugandisha. Fardosa ni Muorma, muuza maziwa, na boma lao liko nyuma ya mashamba yetu. Yeye huniita Mama Beryl nami humwita Mama Liban, kwa mtoto wake wa kwanza, na tunagombana juu ya ng'ombe na mahindi tangu watoto wetu wakiwa wanatambaa, na haijawahi kupita sikukuu bila sahani kuvuka.

Ameizunguka boti mara mbili. Binti yake Nasteha yuko kidato cha nne huko Garsen, anakaa bweni. Kila masika mafuriko hukata barabara shule zikikaribia kufunguliwa, na watoto wa huku hukaa nyumbani wakisubiri tope likauke, wenzao wakisoma. Mwaka huu Nasteha ana mtihani wa mwisho. Fardosa hakuomba kitu. Alishika tu ubao wa boti kama mtu anayepima joto la mtoto, akauliza kama Beryl atapeleka wanafunzi. Beryl akasema hilo ndilo lililomrudisha nyumbani.

Alhamisi, 3 Aprili

Boti ina viti kumi na viwili, na hoteli ilitoa majaketi ya kuelea sita tu. Beryl amesema hatampakia mtu asiye na jaketi. Basi nikamkumbusha sufi. Msimu wake ndio unaisha, maganda yamepasuka, pamba yake inaruka uani kama wingu lililopotea. Sufi hailowi. Ukiirusha majini inakaa juu.

Nimeshona majaketi sita, mchana baada ya mchana, kwa cherehani yangu. Beryl akalitia moja kwenye pipa la maji na jiwe juu yake. Asubuhi mpaka machweo, jiwe lilikuwa limekaa juu ya jaketi kama bibi kwenye kiti. Amesema hayo ni ya kutumia kwa sasa, atanunua ya dukani polepole. Nami nimeyavalisha yote kumi na mawili, ya hoteli na yangu, nguo ya leso ya aina moja, nyekundu na njano, ili asijue mtu lipi la tajiri na lipi la maskini.

Jumatatu, 7 Aprili

Maji yameanza kupanda. Leo asubuhi ukungu ulilala juu ya mto mpaka ng'ambo ikafutika, na boti ikatoka ndani yake bila sauti kwanza, halafu sauti ikaifuata. Nilidhani bado nimelala.

Jumatano, 9 Aprili

Mvua. Dzombo anasema mpunga unafurahi. Mahindi hapana.

Jumatatu, 14 Aprili

Barabara imekatika. Kuanzia leo hakuna gari la kwenda Garsen.

Nimepanda na Beryl kwenda kijiji cha Ozi kupeleka unga. Sijui niseme nini. Tulipita juu ya mashamba. Chini yangu nimeona mahindi yamesimama ndani ya maji, majani yakicheza polepole kama yanatafakari jambo. Yangeyange, wale ndege weupe wa malishoni, wamekaa juu ya paa la kibanda cha mtu. Hapakuwa na mwanzo wa mto wala mwisho wake, na mbingu ilikuwa chini na juu. Nikaona kama mwanangu ananipeleka mahali ambapo hakuna aliyewahi kuchoka.

Kisha gogo kubwa likazuka mbele yetu. Beryl aliachia mafuta, na ningali nashika moyo, boti ikaugeuza uso wake kando, taratibu, kwa yale mapezi ya bati, tukalipita gogo karibu hata ningeligusa. Hakusema kitu. Nami sikusema, isipokuwa kwa watu wote wa Ozi, nyumba kwa nyumba.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Fardosa amepanda kwa mara ya kwanza kupeleka maziwa. Alipovaa jaketi alikunja pua, akasema limeshika harufu ya samaki, na maziwa ni kitu chenye masikio, husikia harufu zote. Abiria walicheka. Mimi nilicheka pia, lakini neno limenikaa.

Alhamisi, 24 Aprili

Nimefua majaketi yote kumi na mawili. Beryl alikuwa Garsen kutafuta mafuta. Nimeyaloweka kwenye beseni na sabuni ya unga, nikayapiga, nikayasugua, nikayasuuza, nikayaanika juu ya ua wa makuti. Yananukia kama chumba cha bibi harusi. Jumamosi wazazi wote watakuja kuona, na hakuna pua itakayokunjwa kwa jina la Beryl.

Jumamosi, 26 Aprili

Nitaandika yote kama yalivyokuwa.

Beryl aliwaita wazazi kwenye uwanja wa mpira, ambao sasa ni ziwa lenye magoli mawili. Vijana walikaa zamu pembeni na fimbo wakichungulia mamba. Wanafunzi walikuja na masanduku kabisa, kwa sababu shule zinafunguliwa Jumatatu na walitaka kulala kwetu tayari kwa safari. Hata mzee Dida, baba mkwe wa Fardosa, aliletwa, akakaa juu ya kigoda chake na fimbo yake.

Mwanangu alieleza kila kitu: wavu, mapezi, kamba nyekundu, jerikeni. Alizungumza na wazee kama mtu aliyezaliwa barazani. Nilitazama nyuso za watu, si yake, maana yake naijua, nikaona zinalainika. Kisha akaomba mtu mmoja mwenye mwili aingie majini na jaketi.

Liban, mtoto wa kwanza wa Fardosa, ndiye aliyejitokeza. Liban ana kifua cha dume la ng'ombe na mdomo wa kasuku. Alichukua jaketi la kwanza aliloshika, akawaambia wenzake akizama wagawane ng'ombe wake, ila yule mwekundu wampe mama yake. Akalala chali, akakunja miguu, akaelea. Akaagiza chai. Watu wakacheka mpaka mzee Dida akacheka.

Halafu mabega yake yakaingia majini. Aliendelea kuchekesha. Kidevu kikaingia. Akapiga mikono kidogo, akiwa bado anatabasamu, na maji yakamfika mdomoni, tabasamu likazimika. Jaketi lilikuwa limemvuta chini. Akasimama kwa miguu yake, maji kifuani, akikohoa, na jaketi likimwaga maji pande zote kama gunia la mpunga lililoopolewa mtoni.

Hakuna aliyecheka tena. Beryl alikuwa amesimama na kamba ya jerikeni mkononi, amepauka. Aliingia mwenyewe akamshika Liban mkono, ingawa Liban hakuhitaji. Alisema yapo majaketi sita ya kiwandani, anaweza kuwapeleka watoto sita sita. Lakini mimi nilikuwa nimeyavalisha yote nguo moja, na machoni mwa watu yote yalikuwa jaketi lile.

Fardosa alimsogelea. Hakupandisha sauti.

"Mwanangu, hapa maji ni ya kifuani. Kule mtoni je?"

Beryl aligeuka akatazama kule mtoni. Nasteha ndiye aliyetangulia kuinama na kubeba sanduku lake kichwani. Wengine wakamfuata, mmoja mmoja, wakikanyaga tope kwa adabu kama watu wanaotoka matangani.

Jumapili, 27 Aprili

Beryl hakula.

Jumatatu, 28 Aprili

Shule zimefunguliwa. Nimemwona Nasteha amekaa juu ya sanduku lake nje ya boma, amevaa sare.

Jumanne, 29 Aprili

Nilimkuta Beryl ameketi uani na beseni la maji. Amefumua jaketi langu moja, na pembeni ana ganda la sufi lililobaki juu ya kabati. Akachukua bonge la sufi kutoka kwenye ganda, akaliweka majini. Likakaa juu, kavu, jepesi, likasukumwa na upepo kama kifaranga cha bata. Akachukua bonge kutoka kwenye jaketi. Likalegea, likawa zito kama unga uliokandwa, likashuka.

Akanitazama.

"Mama, uliyafua?"

"Niliyafua vizuri," nikasema, maana wakati huo bado nilidhani ni sifa.

Akanieleza polepole. Sufi ina mafuta yake, kama manyoya ya bata, na hayo mafuta ndiyo yanayokataa maji. Sabuni huyaondoa. Nilivyozidi kusugua ndivyo nilivyozidi kuyaua. Na alisema kingine: alipaswa kuyajaribu tena kwenye pipa asubuhi ile kabla ya kumtia mtu majini, na hakufanya, kwa hiyo kosa ni lake. Akashika mkono wangu uliokuwa bado na povu, maana nilikuwa nikiosha vyombo.

"Usimwambie mtu. Mimi ndiye nahodha. Wakisema, waniseme mimi."

Nimejivunia maneno yale mpaka jua lilipozama. Kisha nimeanza kuyasikia tena vizuri, na kila nikiyasikia najiona nimejificha nyuma ya mgongo wa mtoto niliyembeba kwa mgongo wangu.

Alhamisi, 1 Mei

Nimekwenda kwa Fardosa. Nilivaa leso safi, nikatembea juu ya tuta la mashamba, maji kulia na maji kushoto, mawingu yakitembea pamoja nami chini ya miguu. Laiti njia ingekuwa ndefu zaidi.

Wanawake walikuwa wakifukiza vyombo vya maziwa, yaani wanatia kaa la moto ndani na kulitikisa, moshi unavisafisha na kuyapa maziwa ladha. Mzee Dida alikuwepo. Nasteha alikuwepo. Nikasema mbele yao wote kwamba boti haina kosa na Beryl hana kosa, majaketi nimeyaua mimi kwa sabuni, kwa sababu nilitaka sifa. Nikaeleza mafuta ya sufi. Moshi ukaniingia machoni, nikaushukuru.

Fardosa alinyanyua chombo alichoshika.

"Mama Beryl, hiki kimemzidi Liban umri. Hakijawahi kuonana na sabuni. Kingeonana nayo, maziwa yangekataa kulala humu. Ungekuja kuniuliza."

Nikasema ni yeye aliyesema kunanuka samaki. Akasema mtu akisema kunanuka huleti mafuriko mengine ndani ya beseni. Wanawake wakacheka, kidogo, kicheko cha kufungua mlango.

Kisha akauliza kama Beryl amenituma. Nikasema Beryl ameninyamazisha, anataka aseme ni yeye. Fardosa alitikisa chombo mpaka kaa likaacha kulia ndani yake.

"Basi mtoto umemlea. Lakini Nasteha hapandi kwa maneno. Atapanda nikimwona aliyefua mwenyewe ndani ya maji, mahali ambapo miguu haifiki chini."

Mimi sijui kuogelea. Nilizaliwa bara ya Kilifi, ambako maji huja kwa ndoo. Nikasema sawa.

Ijumaa, 2 Mei

Msimu wa sufi umepita. Nimetembea chini ya misufi yote. Maganda matupu.

Jumapili, 4 Mei

Sufi imepatikana, na mahali ilipokuwa ni chini ya vichwa vyetu. Nilifumua mito yangu miwili ya kulalia, ile niliyoolewa nayo. Baada ya kanisa nikawaambia wanawake, na mchana wakaanza kuja, kila mmoja na mto wa kulalia kwapani, mingine mipya, mingine ina ramani za mate ya watoto. Fardosa ameleta mitatu. Mzee Dida ametuma ujumbe kwamba yeye hulalia kigogo cha mbao tangu ujana, angechangia lakini hakishoneki ndani ya jaketi.

Sufi ya zamani hushikana. Tumeichambua na kuipepeta uani, Wagiriama na Waorma, mpaka hewa ikajaa weupe na watoto wakaonekana kama wanacheza ndani ya ndoto ya mtu mwingine. Beryl anaishindilia kwanza ndani ya nailoni ngumu ya mifuko ya mbolea, anaifunga, ndipo naishona kwenye nguo. Kila jaketi linakwenda kwenye pipa na jiwe. Lililozama limetupwa, hata kama lilishonwa na mama yake. Na kifuani mwa kila moja nimetarizi neno kubwa: USIFUE.

Jumanne, 6 Mei

Kijiji kinalala bila mito. Dzombo anasema ameota anavuna mpunga chini ya maji na mpunga ulikuwa umeiva. Jirani ameota yuko juu ya boti pamoja na marehemu mama yake, na marehemu amevaa jaketi. Mimi nimeota Beryl ni mdogo, anatambaa juu ya mto, na mto haumlowanishi.

Jumamosi, 10 Mei

Nyuma ya uwanja kuna shimo walikochimba udongo wa matofali. Sasa limejaa, na mti mrefu aliouchomeka Dzombo kupima kina haukugusa chini. Walikuja Fardosa, Liban, Nasteha na wanawake waliotoa mito yao. Beryl alinifunga jaketi mwenyewe, kila kamba, akavuta mpaka nikakosa pumzi, kama nilivyokuwa nikimvalisha sare ya shule. Akakagua mafundo yote mara ya pili. Akashika jerikeni, Liban akasimama ndani ya maji ukingoni, tayari.

Niliingia. Ardhi ikaniacha.

Kwanza niliona maji tu, na nikasikia moyo wangu ukigonga ndani ya sufi. Beryl akaniambia nilale, Mama, lala kama uko kitandani. Nikalala. Masikio yakazama na dunia ikanyamaza, sauti za watu zikawa mbali kama za kijiji kingine. Juu palikuwa na wingu moja jeupe lililofumuka kingo. Nikafikiri yale maji yangetaka kunichukua, lakini hayakuweza, nilikuwa nimeshikwa chini ya mabega na vichwa vyote vilivyowahi kulala katika kijiji hiki, vya maharusi, vya wagonjwa, vya watoto wenye homa. Sikuwa na uzito. Sikuwa mke wa mtu wala mama wa mtu wa kusifiwa. Nilikuwa jani.

Sijui nilikaa muda gani. Fardosa alikuwa amekoka moto, maziwa yakachemka, chai ikanywewa. Kisha nikasikia anaita kutoka mbali kwamba nitoke sasa, nisije nikaota mizizi. Nikamwambia aniache kidogo.

Waliponitoa, Fardosa alipapasa jaketi langu mbele na nyuma, akalinusa kabisa.

"Bado linanuka samaki," akasema, akamgeukia Nasteha. "Nenda ukalete sanduku."

Jumapili, 11 Mei

Sanduku la Nasteha liko sebuleni kwetu. Tangu mchana wamepita wazazi, kila mmoja ana neno la kuuliza na wote neno ni lile lile, kama ni salama, na Beryl anawajibu wote sawasawa: waje na viatu mkononi, wasije na nguo zinazoning'inia, wakae sita kulia na sita kushoto, kila mtu na jaketi lake, na kabla ya kuondoka kila jaketi litaingia kwenye pipa mbele ya macho yao. Atawapeleka wote mpaka Garsen, na hatarudi mpaka wa mwisho ameingia lango la shule. Mzee Dida amesema atakuja kuwaombea dua, na mchungaji naye atakuja. Mvua imepungua, mto umetulia, una rangi ya chai ya maziwa. Mimi nitakuwa ukingoni na uji tangu giza. Ni kesho, Jumatatu, tarehe kumi na mbili Mei, jua likichomoza. Waje wote.